Fundi wa Boti Anajibu: Pampu ya Bafu Inayokesha

Barua za mwezi huu karibu zote zinatoka kwa watu wa boti za injini zenye vyumba vya kulala, bafu, jiko na viyoyozi. Kwenye boti hizo sakafu ya bafu mara nyingi iko chini ya mstari wa maji, kwa hiyo maji ya kuogea hayawezi kutoka yenyewe. Hushukia kwenye kisanduku kilichofichwa chini ya sakafu, mafundi wanakiita sampu. Humo ndani mna chujio, floti, yaani swichi inayoelea na kuwasha pampu maji yakipanda, na pampu ndogo ya kuyatupa nje kupitia tundu la ubavuni. Ngama ni jambo jingine. Hilo ndilo tumbo la chombo, na pampu yake inalinda roho za watu. Msizichanganye hizi mbili, wala msiruhusu fundi aunganishe pamoja mipira ya kutolea maji ya pampu hizo ili apunguze tundu moja ubavuni.

Barua ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo nawaona watu wakitupa pesa baharini.

*Shikamoo mzee. Mimi ni nahodha wa boti ya fibaglasi ya mita 14, tunalala kwenye boya hapa Mtwapa. Pampu ya sampu ya bafu la wageni inajiwasha usiku kucha. Inalia sekunde kama kumi na tano, inazima, baada ya dakika tano hivi inaanza tena, na hakuna mtu anayeoga. Tajiri alinunua pampu mpya Mombasa mjini, tukaifunga, mambo yakawa yale yale. Asubuhi betri imekwisha. Sasa anataka kuagiza pampu kubwa zaidi. Nimwambie nini?*
*Nahodha, Mtwapa*

Marahaba mwanangu. Mwambie asiagize kitu.

Pampu inayojiwasha na kujizima ni nzima. Maji yamepanda, floti imepanda nayo, umeme umepita, maji yametoka, floti imeshuka. Hiyo kubwa anayoitaka itatupa maji yale yale kwa kelele zaidi, na usingizi wako utabaki vilevile. Kinachotakiwa kujulikana ni maji yanayoinua floti yanatoka wapi. Na hapo pana njia mbili tu: ama ni maji yaliyokwisha kutoka yakarudi, au ni maji mapya yanayoingia.

Fanya hivi jioni moja wageni wakiwa nchi kavu. Fungua kifuniko cha sampu, safisha kisanduku, mimina maji mpaka pampu iwake na kuzima yenyewe. Hapo hapo chukua penseli na uweke alama ukutani mwa kisanduku, pale maji yalipofika. Kaa na tochi uangalie.

Maji yakipanda kwa kasi mara tu pampu inapozima, kisha yakatulia, hayo yamerudi kutoka kwenye mpira wa kutolea. Watu hawaamini kwamba mpira unaweza kubeba maji mengi, basi tupige hesabu. Mpira wa inchi moja na moja ya nane, wenye urefu wa mita 3, unabeba karibu lita 2. Sampu ya kawaida ina kitako kama cha sentimita 30 kwa 20. Lita 2 zikirudi humo, maji yanapanda sentimita 3 na ushee. Floti nyingi ndogo zinawasha na kuzima ndani ya nafasi ya sentimita chache kama hizo. Kwa hiyo pampu inazima, maji ya mpirani yanarudi, yanaikaribia floti, kisha tone dogo la kutoka popote linamaliza kazi, na pampu inaanza tena. Unaweza kukesha hivyo mpaka mwisho wa kaskazi.

Kuna valvu ya noni-ritani ambayo kazi yake ni kuzuia maji hayo yasirudi. Ifungue. Nina hakika kubwa utakuta unywele umelala kwenye ulimi wake, umeganda kwa sabuni, na ulimi haufungi. Safisha, rudisha, jaribu tena na alama yako ya penseli. Kama valvu haipo kabisa, weka moja karibu na pampu. Na kama mpira ni mnene kuliko mdomo wa pampu kwa sababu fundi alitumia alichokuwa nacho, uondoe uweke wa saizi iliyotajwa kwenye karatasi ya pampu. Mpira wa robo tatu ya inchi, kwa urefu ule ule wa mita 3, unabeba chini ya lita moja. Umepunguza maji yanayorudi kwa zaidi ya nusu bila kugusa umeme.

Sasa njia ya pili. Pampu imezima, maji yametulia, lakini kila ukiangalia alama ya penseli imezama kidogo zaidi. Hayo ni maji mapya. Sampu za boti kubwa zina midomo ya kuingilia mitatu au minne, na mafundi wa kiwandani huitumia yote. Bafu linaingia hapo, sinki linaingia hapo, kiyoyozi nacho, pengine na maji ya friji. Kausha midomo hiyo kwa kitambaa, kisha tazama ni upi unaodondosha. Hapo hakuna kubahatisha tena.

Mdomo wa kiyoyozi ukidondosha, hakuna ugonjwa. Miezi ya kaskazi hewa yetu ina unyevu mwingi na kiyoyozi kinaukamua hewani, lita kadhaa kwa siku kwa kila mashine. Pampu itawaka mara chache kwa usiku mzima, na hiyo ni haki yake. Lakini kila dakika tano? Hapana, kiyoyozi peke yake hakiwezi kujaza hivyo.

Mdomo wa bafu au wa sinki ukidondosha, kuna bomba halifungi. Zima pampu ya maji matamu uone kama tone linakoma. Usisahau pipa la maji ya moto: lina valvu ya usalama inayovuja maji yakipashwa na kutanuka, na kwenye boti nyingine mpira wake umeelekezwa kwenye sampu. Nahodha anatafuta uvujaji bafuni wiki nzima, kumbe uko chumba cha injini.

Na iko hali moja inayotaka ushughulikie usiku huo huo. Kama maji yanaingia kupitia mpira wa kutolea wenyewe, polepole lakini bila kukoma, bahari ndiyo inayorudi ndani. Tundu la ubavuni linatakiwa kuwa juu ya mstari wa maji, na mpira upande kwanza juu ya tundu hilo, upinde kama shingo, ndipo ushuke kutokea nje. Boti ikijazwa mafuta, maji na mizigo ya wageni, inakaa chini zaidi. Tundu lililokuwa juu linabusu maji, pampu ikizima maji yanavutwa ndani kwa njia ile ile yaliyotokea. Ukilikuta hivyo, pandisha shingo ya mpira juu kadiri nafasi inavyoruhusu, na uweke juu yake kipumulio cha kuingiza hewa ili kuvunja mvuto huo.

Nimeacha betri makusudi iwe ya mwisho. Pampu ndogo ya sampu ya volti 12 inakula kama ampea 3. Ikiwaka sekunde 15 kila baada ya dakika tano, kwa saa kumi inakuwa imefanya kazi nusu saa tu. Hiyo ni ampea-saa 1.5. Betri nzima ya ampea-saa 100 haiwezi kufa kwa kiasi hicho. Betri yako inauawa na kitu kingine: friji, taa ya nanga ya balbu ya zamani, au ni betri iliyozeeka. Pampu inalia ndiyo maana inalaumiwa. Friji iko kimya. Ipeleke betri ikapimwe ikiwa imebebeshwa mzigo, kisha ndio mzungumze na tajiri habari za kununua.

*Mzee, salaam aleikum. Nafanya kazi kwenye boti ya kupeleka wageni kuzamia Mnemba. Pampu ya ngama ya nyuma tunaisikia inazunguka lakini maji hayatoki nje, au yanatoka kama mkojo wa mtoto. Siku nyingine inavuta vizuri. Ilianza baada ya fundi umeme kubadilisha nyaya. Tumeifungua, haina takataka.*
*Baharia, Nungwi*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Umeniambia jambo kubwa kuliko unavyodhani: ilianza baada ya nyaya kubadilishwa. Anzia hapo.

Pampu hizi za kuzamishwa zina mota inayokubali kuzunguka upande wowote. Ukigeuza nyaya, ya chanya ikawa hasi, itazunguka kinyume, utaisikia inalia kama kawaida, na maji yatatoka kidogo sana. Linganisha rangi za nyaya na karatasi ya pampu, usiamini rangi za nyaya za boti kwa sababu hujui nani alizipitisha.

Zikiwa sahihi, chukua mita upime umeme penye pampu yenyewe, ikiwa imezama na inafanya kazi. Kupima ikiwa imezimwa hakukusaidii, waya uliooza utakuonyesha volti kamili mpaka uubebeshe mzigo. Ukikuta betri ina 12.6 na penye pampu ni 10, basi volti 2.6 zinapotea njiani, zinageuka joto kwenye kiungo kibovu au kwenye waya mwembamba. Kwa pampu ya ngama mimi sikubali kupoteza zaidi ya asilimia 3, ambayo kwa volti 12 ni chini ya 0.4. Kikate kiungo uone ndani: kama shaba imekuwa nyeusi au ya kijani, kata mpaka ufike penye mng'aro. Tumia waya wa shaba uliopakwa bati, na kiungo kifunikwe kwa mpira wa kubana kwa moto wenye gundi ndani yake, si utepe mweusi wa umeme. Kisha kiungo kipande juu, mbali na maji ya ngama. Nyaya zenye umeme zikilala ndani ya maji ya chumvi zinavujisha umeme, na umeme huo unakula valvu za shaba za chini ya maji na hata shafti ya propela. Boti inaweza kupoteza valvu kwa muda mfupi kwa kiungo kimoja tu kilichozama.

Siku inayovuta na siku isiyovuta, hiyo ni hewa. Pampu ya namna hii haiwezi kunyonya. Inasukuma maji yaliyoifunika, na hewa ikinaswa chini ya impela, lile gurudumu la ndani linalosukuma maji, inazunguka bure. Fuata mpira kwa mkono kutoka pampuni mpaka ubavuni. Ukiteremka mahali kisha ukapanda tena, maji yanabaki kwenye kile kitumbo na kuifungia hewa nyuma yake. Mpira upande moja kwa moja mpaka kwenye shingo. Na uwe laini kwa ndani. Ule wenye mikunjo kama koo la kuku unapinda vizuri kwenye kona, lakini unayachelewesha maji mno.

Usiangalie tu namba iliyoandikwa juu ya pampu. GPH ni galoni kwa saa, galoni ya Kimarekani, lita 3.8. Pampu ya 2000 inaahidi kama lita 7,500 kwa saa, lakini kipimo hicho kilichukuliwa bila kuinua maji na kwa umeme uliojaa. Ndani ya boti, kwa kimo na kona zake, furahi ukipata nusu yake na zaidi kidogo.

Mkishaitengeneza, msipige pampu hiyo kama ngama ina mafuta. Kanuni za kimataifa za MARPOL, za kuzuia vyombo visichafue bahari, zinataka maji yanayotupwa yasiwe na zaidi ya sehemu 15 za mafuta kwa milioni, yaani mililita 15 katika lita 1,000. Kijiko kimoja cha chakula. Wekeni vitambaa vya kunyonya mafuta chini ya injini na mvitoe pwani. Wageni wenu wanakuja kwa ajili ya matumbawe ya Mnemba, na nyinyi mnakula kwa matumbawe hayo hayo.

*Habari fundi. Mimi ndiye msimamizi wa usafi wa boti mbili Kilifi. Sampu zinanuka na floti inashikana na utando mweupe kila baada ya safari chache. Naweza kumwaga klorini?*
*Dada wa Kilifi*

Dada, utando huo ni sabuni na maji yenu. Visima vingi vya pwani vina maji mazito yenye chokaa, na sabuni ya mche ikikutana na chokaa inaganda kuwa uji mweupe. Nywele, mchanga na mafuta ya nazi ya wageni vinashikana humo, na floti inakwama juu au chini. Ikikwama chini bafu linafurika, ikikwama juu pampu inazunguka kavu mpaka inaungua.

Wawekee wageni sabuni ya maji ya kuogea, hiyo haigandi sana. Kila mwisho wa safari toa chujio, fungua kifuniko, sugua floti kwa brashi laini na maji ya moto yenye sabuni ya vyombo, kisha iinue kwa kidole usikie pampu ikiwaka. Utando sugu ulainishe kwa siki, uiache nusu saa, usuuze.

Klorini kali inakausha mipira na ulimi wa valvu, mimi siipendi. Na sikiliza hili vizuri: klorini na siki zisikutane kamwe. Zikichanganyika zinatoa gesi ya sumu, na wewe uko umeinama kwenye bafu lisilo na dirisha. Waambie na vijana unaofanya nao kazi, kabla mmoja wao hajafikiri kwamba viwili vitasafisha zaidi ya kimoja.

*Ndugu fundi, floti ya ngama ilikwama, fundi wangu akaikata na kuniwekea swichi ya mkono penye usukani. Anasema niondokapo nizime swichi kuu ili betri isife. Boti inalala Msasani kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa bila mtu. Ni sawa?*
*Mwenye boti, Dar es Salaam*

Si sawa, na nakuomba usisubiri Jumatatu nyingine. Boti yako sasa haina kitu cha kutoa maji kwa siku tano. Shafti ikidondosha ndani tone moja la bahari kila sekunde ni zaidi ya lita 4 kwa siku, hilo utalistahimili. Mvua ya masika ikipata njia ya kupita deki hutalistahimili.

Weka floti mpya. Waya wake utoke betrini moja kwa moja, kabla ya swichi kuu, ukiwa na fyuzi yake peke yake karibu na betri. Hivyo hata ukizima kila kitu, floti inabaki macho. Swichi ya mkono iache, ni nzuri kuwa nayo pamoja na floti. Fyuzi iwe ya ukubwa ulioandikwa na kiwanda. Mtu akiweka kubwa kwa sababu ndogo inakatika, takataka zikiibana impela mota inakaa inavuta umeme bila kuzunguka, inachemka, na fyuzi haijali. Moto kwenye fibaglasi hauna subira.

Lakini usiitegemee pampu kupita uwezo wake. Mpira wa inchi moja na nusu ukichomoka sentimita 30 chini ya mstari wa maji, unaingiza karibu lita 100 kila dakika. Pampu yenye namba 2000, hata ikiwa nzima kabisa, hapo inatoa lita 60 na ushee. Inakununulia muda tu, na saa ya usiku Msasani muda huo hauna mtu wa kuutumia. Basi kila unaposhuka funga valvu za chini ya maji, ya injini, ya choo, ya kiyoyozi. Mipira ya kutolea maji ya pampu iache wazi. Mweleze mlinzi wa boti valvu hizo ziko wapi na zinazungushwa vipi, kwa mkono wake, si kwa maneno.

Ongeza floti ya pili, juu kidogo kuliko ya kwanza, iunganishwe na king'ora chenye sauti ya kufika boti ya jirani. Ijumaa ukifika, kabla ya kuwasha injini, zima swichi kuu na umwage ndoo za maji ya bahari ndani ya ngama mpaka floti ya chini iwashe pampu, na ukae uione ikizima yenyewe. Kisha inua ile ya juu kwa mkono usikie king'ora. Vikikataa kimoja kati ya hivyo, boti isitoke siku hiyo.